Waziri Aliyeomba Ruhusa

Nasikia bahasha zimegawiwa tena. Ijumaa nilikuwa natoka kazini nikawaona watoto wa kidato cha tatu wakipita mbele ya lango la hospitali, kila mmoja amekumbatia bahasha ya kaki kifuani kama amebeba trei ya mayai, nikajua msimu umefika. Ndani ya kila bahasha kuna mtu. Mtoto wako ameingia na mtu huyo nyumbani, na kwa wiki sita atakula naye na kulala naye, na wewe mzazi utaombwa umsaidie amjue vizuri. Nakuomba usome haya kabla hujaanza kusaidia. Mimi nilisaidia sana.

Elimu yangu ni ya darasa la saba. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa pasi, mwaka wa kumi na tano sasa. Mashuka yanatoka kwenye mashine yamejisokota kama kamba, tunayanyoosha wawili wawili, tunayapitisha kwenye roli ya moto, tunakunja mara nne, tunapeleka wodini. Wagonjwa siwaoni. Naona walipolala. Shuka la aliyetokwa jasho nalijua, la aliyetapika nalijua, na la yule aliyelala wiki nzima bila kugeuka nalijua pia. Kwa hiyo nilijiona mtu anayewajua wagonjwa.

Binti yangu tunamwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakupumzika. Alikuwa anaongea huku anapiga mswaki. Baba yake ni dereva wa lori, yuko nyumbani siku nne kwa mwezi, na siku hizo nne alikuwa anasema masikio yake yanachoka kuliko mgongo.

Mwalimu wao wa historia wanafunzi wanamwita Itifaki, kwa kuwa neno hilo halikauki mdomoni mwake. Yeye ndiye anayewaandaa kwa kongamano la diplomasia, lile linalokusanya shule nyingi kwa siku mbili kwenye ukumbi mkubwa. Watoto wa shule nyingine wanakuwa mabalozi wa nchi hii na ile. Wa kwake wanakuwa serikali nzima ya zamani, mawaziri ambao wote wamekwishakufa, na wanakaa kile kikao walichokaa wale mwaka wa mgomo wa reli, kuamua kama wanajeshi wapelekwe kwa wagomaji au la. Kila bahasha ina waziri mmoja. Na wajumbe wanne wanaowapendeza majaji zaidi kongamano zima wanapata nafasi ya kusoma kwenye ile shule ya bweni ambayo mimi niliiona kwa nje tu, siku tulipokwenda kuchukua mapazia yao tuyafue hospitali.

Nafasi nne. Hiyo nne ndiyo iliyonipofusha.

Chiriku aliifungua bahasha jikoni, mimi nachambua mchele. Zilikuwa karatasi tatu. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, ya tatu akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimebaki.

"Mama, nimepewa bubu."

"Bubu gani?"

"Waziri wa Ujenzi. Hasemi kitu. Anakunywa maji, anaomba ruhusa kwamba tumbo linamuuma, anatoka. Kura inapigwa hayupo. Wanajeshi wanapelekwa kwa kura moja tu iliyozidi."

"Masikini. Alikuwa na vidonda vya tumbo?"

"Hakuwa na chochote. Alikuja kusema mwenyewe alipozeeka. Alikuwa anaogopa kunyoosha mkono."

Akalia, Chiriku wangu, machozi ya hasira, maana mtoto anayeongea kuliko darasa zima alikuwa amepewa mtu wa kutoka nje. Mimi sikulia. Kesho yake nilibadilishana zamu nikaenda shuleni, nimevaa gauni langu la vikao vya wazazi.

Itifaki alikuwa anasahihisha madaftari. Alinivutia kiti. "Mama Chiriku, usiniambie umekuja kulalamika. Nimempa nafasi ngumu kuliko zote."

"Mwalimu, mtu anasema sentensi moja."

"Sentensi moja, lakini kila aliye ukumbini amesoma kwamba ni ya uongo. Na kanuni yetu ni kwamba ruhusa inapigiwa kura. Wenzake wakimkatalia, atakaa kitini na atalazimika kunyoosha mkono, huku au kule. Sasa fikiria, awadanganye watu wanaojua kabisa kwamba anadanganya, na wamwachie atoke. Majaji watasimama."

"Watasimama?"

"Nimewaona wakisimama kwa mambo madogo zaidi." Akainua kidole. "Na itifaki ni moja. Kuanzia Alhamisi mchana, wiki ya kongamano, hakuna kutoka ndani ya mtu wako. Njiani, mezani, bafuni. Nyumbani msimwite jina lake. Mpaka nyundo ya mwisho ya mwenyekiti, Jumamosi."

Nilitoka pale natembea juu juu. Njia nzima nilikuwa nawaona majaji wakisimama.

Wodi ya upasuaji kuna nesi tuliyezoeana kwa sababu ya mashuka. Huniletea yaliyochafuka sana mkononi badala ya kuyatupa kwenye pipa, ili niyaloweke mapema. Nikamngoja mlangoni.

"Shoga, nipe ugonjwa wa tumbo unaoaminika."

"Unakwepa zamu ya nani?"

"Si wangu. Ni wa mtoto, wa kuigiza, shuleni."

Akacheka. "Basi mpe kidole tumbo, hicho hata daktari anakiheshimu." Akasimama pale na kapu lake la mashuka, akaanza kunifundisha, nami nikawa naandika nyuma ya fomu ya kupokelea nguo. Maumivu yanaanzia kitovuni, halafu yanahamia chini, kulia. Chakula hakitaki. Anaweza kutapika mara moja au mbili. Anatembea amejikunja kama mtu aliyedondosha sindano sakafuni, na mguu wa kulia anauburuta. Joto, jasho la usoni. Hapigi kelele, anayepiga kelele ana gesi. Anajibu kwa maneno mafupi. "Na ukimbonyeza hapa," akanigusa juu ya nyonga, "anavumilia. Ukiachia ghafla, hapo ndipo anaruka."

"Shoga, wewe ulipaswa kuwa mwalimu."

"Akishinda uniletee soda," akasema, akaenda zake na kapu.

Wiki tano, kila siku nikirudi kazini, nilimtembeza Chiriku kwenye korido yetu kutoka mlango wa mbele mpaka bafuni. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Kwanza alikuwa anacheka. "Mama, sindano gani hii isiyopatikana?" Nikamwambia aendelee kutafuta. Alikuwa anajikunja sana, nikamnyoosha. Alikuwa anashika tumbo kwa mikono miwili kama mjamzito, nikamwonyesha mkono mmoja, kulia, chini, kama mtu anayeficha. Jasho nilimtengenezea kwa chupa ya kunyunyizia, ile ndogo ninayotumia nyumbani kwenye kola za mashati. Matone mawili kwenye paji la uso, moja juu ya mdomo, kabla hajaingia. Baba yake akipiga simu anauliza, "Waziri wa Ujenzi yupo? Mwambie barabara yangu ina mashimo, na yeye ameshika tumbo tu."

Jambo moja hatukupatana. Siku moja alisimama katikati ya korido, akajinyoosha.

"Mama, nataka afike mlangoni halafu arudi."

"Nani arudi?"

"Waziri. Wanamruhusu, anafika mlangoni, anarudi, ananyoosha mkono kukataa. Wanajeshi hawaendi. Itifaki amesema tunaweza kubadilisha."

"Wewe umesikia majaji wanasimama kwa mtu aliyerudi?"

"Lakini ndicho alichotakiwa kufanya."

"Kibadilishe ukishapata nafasi ya shule," nikamwambia. "Sasa hivi toka nje vizuri. Tembea tena."

Akatembea tena.

Ikafika ile Alhamisi. Saa kumi jioni niliingia nikamkuta mezani, sare hajavua, sahani ameisukuma pembeni. Nikakumbuka itifaki. Nikaweka mkoba chini nikainama kidogo.

"Mheshimiwa hana hamu ya chakula leo?"

"Kitovu kinauma."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi moyoni, kwa sababu ameanzia pale pale nesi aliposema panaanzia, na sikumkumbusha. Nikamtengenezea chai, hakuinywa, nikamsifu. Usiku wa siku hiyo alilala mapema, na mimi nikapiga pasi suti ya waziri, ya kuazima, nikaiweka mistari ya suruali iliyonyooka kama rula.

Ijumaa asubuhi alitapika. Nilisikia kutoka jikoni. Nikajiambia ni woga wa ufunguzi, hata mimi siku ya mtihani wa darasa la saba nilitapika. Nilitoka naye mpaka kona ya barabara, nikawa namwangalia kwa nyuma anavyotembea. Alikuwa amejikunja kidogo, mguu wa kulia unachelewa. Nikamfuata haraka haraka nikamnong'oneza, "Safi sana. Mguu usiuburute sana, wataona umezidisha."

Akasimama. Akageuka akaniangalia, macho yamemlegea.

"Mama. Hii ni ya kweli."

Na mimi nikamjibu, naandika kama nilivyosema, sipunguzi neno: "Hiyo sentensi usiitupe hapa. Iweke mwishoni kabisa, wakishaanza kukukatalia."

Hakujibu. Mnamjua Chiriku asiyejibu? Mimi sikuwahi kumjua, na bado sikushtuka.

Jioni aliporudi kutoka ufunguzi aliniita mama mara tatu. Mara ya kwanza nikamjibu, "Mama yuko nje ya baraza, Mheshimiwa." Ya pili nikanyamaza ili nisimharibie. Ya tatu nikaenda kitandani kwake, nikasema ngoja nimpime kama majaji wanavyoweza kumpima. Nikabonyeza kulia, chini. Akavumilia. Nikaachia. Akaruka mpaka kichwa kikagonga ukuta.

Nikapiga makofi. Makofi madogo, ya vidole, lakini nilipiga.

Baba yake akapiga simu. Nikamweleza kila kitu kwa majigambo. Kule upande wa pili nikasikia injini inazimwa.

"Mke wangu, mtoto ana joto?"

"Analo. Nadhani amekaa karibu na jiko, ana akili huyo."

"Mpeleke hospitali."

"Nafanya kazi hospitali," nikamwambia. "Miaka kumi na nne. Mgonjwa nitamwona nisimjue?"

Akasema, "Haya. Wewe ndiye uko naye." Neno hilo bado linanirudia nikiwa kwenye roli, shuka baada ya shuka.

Jumamosi asubuhi Chiriku aliamka mwenyewe. Alikuwa mweupe midomo lakini amenyooka. Nikamuuliza, nje ya itifaki, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, "Mwanangu, tumbo?" Akasema limepoa, limepoa kabisa, anasikia baridi tu. Nami nikamshika mashavu nikacheka kwa kushukuru. "Umeona? Ulikuwa woga." Nikamvalisha suti, nikamfunga tai. Aliniegemea wakati namfunga. Nikadhani ni mapenzi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazazi tuliwekwa nyuma, viti vya plastiki, na kamba imepitishwa mbele yetu kututenga na baraza. Mbele kabisa meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, mawaziri kumi na wawili, kila mmoja na kibao cha cheo chake. Mwenyekiti alikuwa kijana wa shule nyingine mwenye nyundo. Majaji watatu pembeni na kalamu. Itifaki alisimama ukutani, amefumbata mikono kama anasali.

Walianza kubishana habari za reli. Waziri Mkuu, binti mmoja mnene mwenye sauti nzuri, alisema wagomaji wamefunga njia ya chakula. Wa Fedha akasema wana haki. Mwanangu hakusema. Alikunywa maji. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, na wa kulia uko chini ya kitambaa. Nikamwambia mama aliyekaa kando yangu, "Yule wa tatu ni wangu. Subiri uone."

Kisha akasimama, nusu tu.

"Mwenyekiti. Naomba ruhusa. Tumbo linaniuma."

Ukumbi mzima ukacheka, kile kicheko cha watu walioingoja sentensi hiyo tangu asubuhi. Waziri Mkuu akatabasamu. "Mwenyekiti, Waziri wa Ujenzi ameumwa kwa wakati mzuri sana. Lingemuuma baada ya kura tungemletea maji ya moto."

"Ni kweli," akasema Chiriku. "Hii ni ya kweli."

Aliiweka mwishoni kabisa, kama nilivyomwagiza. Mama wa kando yangu akanishika mkono akasema, "Huyo mtoto ameiva." Jaji mmoja alikuwa ameacha kuandika, anamtazama tu. Nikafikiri, sasa watasimama.

Wakapiga kura ya ruhusa. Tano kwa sita. Akakataliwa. Nyundo ikagonga, akaketi, na uso wake ukageukia taa nikauona unang'aa jasho, limejaa paji lote, linachuruzika mpaka kwenye kola niliyoipiga pasi. Nikasema moyoni, leo amejinyunyizia vizuri.

Nilitaka leso. Nikatia mkono kwenye mkoba, na vidole vyangu vikagusa plastiki. Ilikuwa ile chupa. Nikaitoa. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, kama nilivyoijaza asubuhi. Nilikuwa nimesahau kumpa.

Sijui nilikaa muda gani nimeishika. Sidhani kama ni muda mrefu. Kila kitu kilichotokea tangu Alhamisi kilirudi kikapita mbele yangu tena, kitovu, sahani, mguu, kichwa kikigonga ukuta, na safari hii hapakuwa na waziri yeyote. Alikuwa mwanangu peke yake.

Nikaruka kamba. Kijana wa mlangoni mwenye beji akanizuia. "Mama, kikao kinaendelea."

"Anaumwa."

"Ndiyo, mama, tumemwona," akasema kwa adabu, anatabasamu.

"Nakwambia mtoto anaumwa. Ni kweli."

Watu wa mstari wa mbele wakageuka. Mmoja akasema, "Hata wagomaji wameleta mama yao," wakacheka. Nikamtafuta Itifaki kwa macho, nikampungia chupa kama kichaa, nikasema kwa sauti, "Mwalimu, hii imejaa, hajaitumia, ni jasho lake." Itifaki alinitazama. Uso wake niliujua. Ulikuwa uso wangu wa Ijumaa pale kona ya barabara. Alikuwa anafikiria jinsi ya kuniambia nisizidishe.

Hapo nikaelewa kwamba hakuna neno lililobaki. Yote nilikuwa nimeyatumia wiki tano kwenye korido. Kila dalili ambayo ningeitaja, walikuwa wameiona, na walikuwa wameipigia kura.

Nikamsukuma yule kijana. Nikapita katikati ya ukumbi mpaka mezani. Mwenyekiti alikuwa ameanza kura kubwa, anasema, "Wanaokataa wanajeshi kupelekwa, wanyooshe mikono," anagonga nyundo kwa kuwa mimi nipo. Nilimkuta Chiriku ameegemeza shavu kwenye kibao chake. Nikamgusa tumbo juu ya suti. Lilikuwa gumu kama meza ya kupigia pasi. Nikageuka, nikachuchumaa, nikavuta mikono yake juu ya mabega yangu nikambeba mgongoni, mtoto wa miaka kumi na sita, na miguu yake inagusa sakafu. Mkono wake wa kulia ulibaki juu. Sijui kama aliunyoosha au nilimshika vibaya. Nasikia mwenyekiti aliuhesabu.

Waliacha kucheka tulipofika mlangoni, kwa sababu alinitapikia begani, na kile hakifundishwi.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari alisema kimepasuka muda, pengine tangu alfajiri, na usaha umetapakaa ndani. Shoga yangu nesi ndiye aliyekuwa zamu. Alimpokea, akaniangalia mara moja, akaingia naye ndani. Alitoka baada ya saa tatu amevua kofia.

"Nilikwambia vyote," akasema. "Kimoja sikukwambia. Kikipasuka, maumivu yanapoa kidogo. Mgonjwa anadhani amepona." Akakaa chini kando yangu kwenye benchi. "Sikukwambia kwa sababu ulisema ni wa kuigiza."

Sikumlaumu, na yeye hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Chiriku alikaa wodini siku ishirini na sita. Walimfungua mara mbili. Wiki ya kwanza daktari hakuwa ananiambia atapona, alikuwa ananiambia tusubiri. Mimi nilikuwa naingia kazini, nanyoosha mashuka, na kila shuka la wodi ile lililokuja nilikuwa naligeuza kutafuta alipolala. Baba yake alikuja na lori likiwa bado na mzigo wa wateja, akaliegesha nje ya lango, akalala ndani yake siku tisa. Hakuniuliza kitu. Alinishika bega tu akipita, na mkono wake ulikuwa mzito.

Itifaki alikuja siku ya kumi na mbili. Alisimama miguuni pa kitanda na karatasi mkononi. Akasema kura ya Chiriku ilihesabiwa, ikawa sawa kwa sawa, hoja ikaanguka, wanajeshi hawakupelekwa. Akasema majaji walitaka sana kumpa nafasi lakini kanuni inasema mjumbe awepo hadi nyundo ya mwisho. Halafu akakaa akafunika uso kwa ile karatasi. Mwaka huu nimesikia ameiondoa ile itifaki ya kutotoka ndani ya mtu wako. Amefanya vyema. Lakini ninyi si walimu, na itifaki ya nyumbani kwenu hakuna wa kuiondoa isipokuwa ninyi.

Chiriku aliposikia habari ya kura aliniangalia. Alikuwa na mrija puani. "Kwa hiyo alirudi," akasema.

"Alirudi, mwanangu."

Akafumba macho. Hayo ndiyo maneno marefu aliyoniambia mwezi ule.

Sasa yuko nyumbani, anakwenda shule, kovu limefunga. Mtu akimwona barabarani hawezi kujua. Lakini anapiga mswaki kimya. Juzi aliinama kuokota kalamu chini ya meza, nikaona uso umemkunjamana kidogo.

"Panauma?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Ndiyo."

Maneno mafupi, macho chini, mkono hauendi pale. Nilimfundisha mimi kwamba anayeumwa kweli hapigi kelele, na alinisikia. Sasa sina pa kushika. Akisema hapana, sijui. Akinyamaza, sijui. Hata pakimuuma kweli, siku hiyo ikifika, sijui kama ataona inafaa kuniambia mimi.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, msaidieni watoto kusoma hizo karatasi tatu, wapigieni pasi suti, chekeni nao. Ila mtoto akikuita mama, itika. Awe waziri, awe balozi, awe mfalme wa wapi, akikuita mama wewe itika kwanza.

Mimi kila siku nikitoka kazini huwa namkuta mezani na vitabu. Sisemi kitu. Naosha mikono, naipasha moto kwanza kwa kuisugua, halafu naweka mmoja tumboni kwake, kulia, chini, juu ya sare. Nabonyeza polepole. Naachia polepole. Yeye anaendelea kusoma, na mimi namtazama usoni.